Mama Kutu na Kibanda cha Mizinga Kilichogoma

Ukungu bado haujaondoka gatini, na mwanamke mmoja amelala chali chini ya mizinga miwili. Kinachoonekana ni miguu tu, ndani ya buti za mpira zilizotapakaa rangi ya kijivu. Kutoka ndani inasikika kwaruza, kwaruza, kimya, halafu kwaruza tena.

"Nani huyo ananizibia mwanga?"

Ni mwandishi wa makala haya, aliyefika kabla hata ya chai, na ambaye tayari ameshagonga paji la uso kwenye mlango wa chuma uliotengenezwa na mtu asiyependa watu warefu.

"Haya, karibu mwanangu. Nishikie hili." Mkono uliojaa grisi unachomoza ukiwa na kopo. "Ila usiliegemeze kwenye shati."

Onyo limechelewa. Shati ndilo hilo, limeshakwenda.

Mwenye mkono huo hapa kazini anaitwa Mama Kutu. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye karatasi za mshahara, lakini ukiliita hapa sitahani hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe. Kazi yake ni kukwangua kutu na kupaka rangi kwenye manowari kuukuu iliyogeuzwa makumbusho, meli ya vita iliyofungwa kwenye gati hili tangu enzi ambazo baadhi ya wafanyakazi wake walikuwa hawajazaliwa. Wenyewe wanaiita Bibi.

Leo si siku ya kawaida. Leo, anasema Mama Kutu huku akijivuta nje na kuketi, ni kufa au kupona.

"Unawaona wale?" ananyoosha kidole kwenye tundu la kuchungulia. Chini gatini wanaume watatu wamekalia makreti, wanakunywa chai. Kando yao imesimama mitungi ya gesi na mipira ya kukatia chuma. "Wale wameitwa kwa ajili ya Bibi. Kibanda hiki kikigoma kuzunguka leo, wanakikata. Mizinga na kila kitu. Inakwenda kuuzwa chuma chakavu."

Kibanda anachosema ndicho hiki tulichomo: chumba cha chuma kilichokaa juu ya sitaha ya mbele, kimebeba mizinga miwili mirefu. Kiliundwa kizunguke, ili mizinga ielekezwe upande wowote. Chini yake kuna mduara wa mpira unaozuia maji yasipenye, na mpira huo umeoza. Kila mvua ikinyesha maji yanapita, yanateremka hadi chumba cha chini, na sakafu ya huko imeshaanza kutoboka.

Kuubadilisha mpira si kazi kubwa, ila kuufikia ndiyo mtihani. Waliounda meli waliacha kidirisha kimoja tu, cha kutosha kuingiza mikono miwili. Lazima kibanda kizunguke, kila kipande cha mpira kije chenyewe mbele ya kidirisha, kama pindo la gauni linavyopita chini ya sindano ya cherehani. Kibanda kisipozunguka hakuna matengenezo, na maji yataila meli yote.

Msimamizi wa makumbusho, mama mpole anayetembea na kicha cha funguo kiunoni, alilifikiria jambo hilo muda mrefu kabla ya kuamua.

"Sikupata usingizi, nakuambia kweli," anasema. "Lakini kidole kikioza kinakatwa, mwili ubaki. Ningefanyaje?"

Mama Kutu hakukubali. Alimfuata msimamizi hadi ofisini na ovaroli yake ya kazi, akakalia kiti cha wageni, na kiti hicho mpaka leo kina alama.

"Nilimwambia, mama, manowari bila mizinga si manowari. Ni pantoni! Mtu atoke kwake na watoto wake, apande ngazi zote hizi, aje kuona nini? Sufuria kubwa inayoelea?"

Msimamizi alicheka, lakini akampa muda. Mama Kutu, mwenzake mmoja mrefu mwembamba aitwaye Msumari, na mhandisi kijana wa makumbusho, waachiwe wajaribu. Siku ya kujaribu ikifika, na wakataji waitwe hapo hapo, ili lisibaki la kuzungumza.

Basi wakaanza. Mwanya kati ya kibanda na sitaha ulikuwa umezibwa na rangi ya miaka na miaka, tabaka juu ya tabaka, ngumu kama jiwe. Waliikwangua kwa patasi na nyundo ndogo, wakamwaga mafuta ya taa, wakasubiri, wakakwangua tena. Vidole vya Mama Kutu vina makovu ambayo akikuonyesha anayahadithia moja moja, kama mtu anayetambulisha wajukuu.

"Bandu bandu huisha gogo," anasema. "Ila waliosema hivyo walikuwa na gogo. Mimi nilikuwa na chuma."

*

Aliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa ndoa. Mume wake alikuwa mpaka rangi wa Bibi kabla yake, mtu wa maneno machache na brashi safi. Ndiye aliyemfundisha kushika brashi, mwanzoni kama kibarua wa msimu, siku za kupaka meli nzima. Walipaka ubavu kwa ubavu wakining'inia kwenye ubao mmoja, yeye akiimba, mume akimwomba anyamaze kidogo.

Alipofariki kwa maradhi, makumbusho walimwita mjane wake wakamwuliza kama anamjua mtu wa kuichukua ile kazi. Akawajibu anamjua vizuri sana, na kesho yake akaja mwenyewe.

Ujira si wa kujivunia. Ukishatoa kodi ya nyumba, nauli na chakula, kinachobaki kinaingia kwenye kopo la maziwa bila kelele. Kinachomwokoa ni kwamba nyumbani wako wawili: yeye na wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Ndugu walitarajia kila mmoja atashika njia yake baada ya msiba. Hawakutengana. Wanaishi chumba na sebule, cherehani upande huu, ndoo ya brashi upande ule, na matusi ya mapenzi katikati.

"Wifi yangu huyu kaolewa mara ya pili," wifi anapenda kuwaambia wateja wake. "Kaolewa na lichuma. Anarudi ananuka bwana wake."

Tangu kaka yake afariki, wifi hajakanyaga manowari. Hasemi ni kwa nini mpaka umwulize, na ukimwuliza anasema ukweli wake bila kupinda. "Kaka yangu alilipenda lile lidude kuliko alivyotupenda sisi. Nililionea wivu. Sasa limebaki, yeye hayupo. Nikaliangalie la nini?"

Leo, hata hivyo, yupo. Ameleta chakula cha mchana, vyombo vimefungwa kwa kitambaa cha maua. Amesimama chini ya ngazi ya kupandia, hajaweka mguu juu.

"Mimi mwisho wangu hapa!" anapaza sauti. "Mkishindwa, shukeni mle. Mkishinda, shukeni mle vilevile!"

*

Jua limeshapanda, ukungu umekwisha. Ndani ya kibanda wamejipanga watu wanane kwenye hendeli mbili za chuma, zile zilizowekwa tangu zamani za kuzungushia kwa nguvu za mikono ikiwa umeme umekatika. Wamo Msumari, mlinzi wa getini, wakata tiketi, na mpishi wa kantini ambaye hakuombwa. Msimamizi amesimama mlangoni. Funguo zimetulia kiunoni kwa mara ya kwanza leo.

Mhandisi anahesabu. Moja, mbili, tatu!

Wanasukuma mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Kibanda hakiendi. Wanaongeza grisi, wanasukuma tena. Wanaingiza mtaimbo. Mpishi anateleza, anakaa chini puu, watu wanacheka, wanasukuma wakiwa bado wanacheka. Wapi!

Gatini mmoja wa wale watatu amesimama, anajinyoosha mgongo, anaanza kufungua mpira wa gesi.

Mama Kutu amemwona. Uso wake umebadilika.

"Ngojeni," anasema mhandisi. Amepiga magoti, sikio lake karibu liguse sakafu. "Sukumeni taratibu. Sasa rudisheni. Sukumeni tena. Mmesikia?"

Kila wakisukuma inasikika *tk*. Wakirudisha, *tk*.

"Kitu kilichoshikwa na kutu kinakataa toka mwanzo," anasema mhandisi polepole, kama mtu anayesoma. "Hiki kinakubali unywele mmoja, halafu kinagota. Kulia kinagota, kushoto kinagota. Hii si kutu. Kuna komeo limekishika."

"Makomeo si tuliyatoa?" anauliza Msumari. "Tulikuta mawili, tukatoa mawili."

Mhandisi anamgeukia Mama Kutu. Anamwuliza kwa adabu, kama unavyomwuliza mama yako. "Mama, samahani. Ile nundu pale pembeni, nyuma ya kingazi. Niliwahi kukuuliza ni nini."

Mama Kutu anajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Ulinijibu ni tone la kuchomelea."

Mama Kutu anaitazama ile pembe. Iko chini kabisa, mahali ambapo sakafu inakutana na ukuta: nundu ya kijivu, laini, ya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Imepakwa vizuri. Hakuna mtiririko wala unywele wa brashi ulionata. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipaka, mwaka hadi mwaka, na kila alipofika hapo brashi yake ilizunguka nundu kwa upole, kama unavyozunguka kidonda cha mtu.

"Ndivyo nilivyoambiwa," anasema. "Mume wangu alinionyesha siku ya kwanza. Akaniambia hapo pana tone la welding, usilisahau, maana likiachwa bila rangi linaanza kutu. Sikulisahau hata siku moja. Mungu wangu! Sikulisahau hata siku moja!"

Mtu mwingine asingelifanya kosa hilo. Mvivu angeiruka ile pembe kwa kuwa iko gizani na inaumiza magoti, na pini ya komeo iliyo ndani ya nundu ingebaki wazi, kila mtu aione. Imefichwa na watu wawili waliopenda kazi yao.

Hangoji kuambiwa. Anachukua patasi yake, anapiga magoti, anapiga nyundo. Kipande cha kwanza kinaruka, kijivu cha mwaka huu. Chini yake kijivu cha mwaka jana. Chini zaidi kijivu kilichopauka, cha ule wakati makumbusho yalikosa pesa wakachanganya rangi na mafuta mengi. Anazitambua zote. Anazitaja huku anapiga.

Halafu inatokea rangi yenye ubuluu, na nyundo inasimama.

"Hii ni yake," anasema.

Kuna mwaka, anaeleza, muuzaji alileta makopo yenye rangi isiyo sahihi, na marehemu akagundua Bibi ameshageuka buluu nusu mwili. Aliona haya kiasi cha kutokula siku nzima. Aliikwangua na kuipaka upya meli yote kwa nguvu zake. Isipokuwa, kumbe, buluu yake ilibaki hapa chini, imefunikwa, inangoja.

Ngazi inapiga kelele. Ni hatua za mtu asiyezoea, anayeshika kila kitu. Mlangoni anatokea wifi, anahema, kitambaa cha maua bado mkononi.

"Nimesikia kimya," anasema. "Nyinyi watu mkikaa kimya kuna jambo. Nani kaumia?"

Wanampisha. Anaona wifi yake amepiga magoti na machozi mashavuni, anaona ile rangi ya buluu. Hana haja ya kuelezwa; yeye ndiye aliyefua nguo za kaka yake mwaka ule.

Kisha anaweka vyombo chini.

"Yaani ni nyinyi," anasema. "Nyinyi wawili, mke na mume, ndio mliofunga manowari ya watu?"

"Ndiyo, wifi."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Anapiga magoti kando yake, gauni safi juu ya grisi. "Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nazifua hizo nguo! Piga nyundo, wewe. Piga, kaka yangu hakupenda kazi ya nusu."

Mama Kutu anaangua kicheko akiwa bado analia. Anapiga.

Nundu inavunjika yote kwa pamoja, kama ganda la yai, na ndani yake kunang'aa kitu cha njano. Ni pete ya shaba, na chini ya pete kuna pini nene, imezama sakafuni. Rangi iliifunga, lakini pia iliilinda. Haina kutu hata chembe.

Mhandisi anapitisha mtaimbo ndani ya pete. Wanawake wawili wanashika upande mmoja, Msumari upande wa pili. Wanainua. Pini inagoma, inagoma, kisha inachomoka kwa mlio wa kizibo cha chupa, na wote watatu wanaangukia migongo.

"Hendeli!" anapiga kelele msimamizi, na sauti hiyo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Shikeni hendeli!"

Safari hii hakuna anayehesabu. Kila mtu anashika mahali anapopata. Wifi ameshika hendeli ya kwanza, mikono miwili, miguu imetanuliwa. Mwandishi naye ameshika, shati limeshakufa, liwe liwalo. Tunasukuma.

Kwanza ni mngurumo chini ya miguu, kama mtu anayeamka kwa shida. Halafu mwanga. Mstari wa jua uliokuwa umelala sakafuni unaanza kusogea, unapanda kwenye buti za Msumari, unapita ukutani. Mtu anapaza sauti, "Kinakwenda!" na hapo kila mtu anapaza yake. Kibanda kizima, chuma chote kile, kinazunguka kwa mikono ya wakata tiketi na mpishi!

Nje, mizinga miwili inaacha kuelekea baharini ilikoelekea miaka yote, inapita juu ya sitaha na kutokeza juu ya gati. Wale watatu wa mitungi wanainua vichwa. Mizinga inawapita juu yao polepole. Mmoja anavua kofia. Mwingine anaanza kupiga makofi, halafu wote, na mabaharia wa boti za jirani wanapiga honi.

Mama Kutu ametoka nje, amesimama sitahani na nyundo mkononi. Hapungi mkono. Anaangalia tu mizinga ikizunguka, na uso wake mtu angeuweka kwenye stempu.

"Wifi!" sauti inatoka ndani ya kibanda. "Mbona mnaniachia mimi kazi yenu?"

*

Wakataji walilipwa nauli yao, wakala chakula cha wifi, wakaondoka na mitungi yao. Kazi ya mpira ilichukua majuma kadhaa. Msumari na wenzake walizungusha, Mama Kutu akaingiza mikono kidirishani, kipande kwa kipande, mpaka mduara ukakutana.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, ile ya kufunga barabara. Alfajiri yake Mama Kutu hakungoja funguo za msimamizi. Alimkuta getini, wakashuka pamoja hadi chumba cha chini, wakavua viatu na kutembea peku juu ya sakafu. Ilikuwa kavu.

"Tulicheza," anakiri msimamizi. "Usiandike hivyo. Haya, andika."

Siku hizi wageni wanapanga foleni hadi getini. Kila Jumamosi wanane wanachaguliwa washike hendeli, na watoto wa shule wanaruhusiwa kupiga kelele kadiri wanavyotaka. Pini ya shaba imetundikwa ukutani, inang'arishwa, na pale ilipokuwa nundu pameachwa duara dogo lisilopakwa rangi. Ukiinama utaona tabaka zote pembezoni mwake, na ile ya buluu katikati. Anayewaonyesha wageni duara hilo siku za Jumamosi ni wifi, ambaye amejipa kazi hiyo bila kuajiriwa na mtu.

"Huyu kaka yangu," huwaambia. "Na huyu juu yake ni mkewe. Wanene hao, kama mnavyowaona."

Na Mama Kutu? Tunamkuta nyuma ya meli, amelala chali, miguu nje. Bibi ana kibanda cha pili huku, kidogo kuliko cha mbele, nacho hakijazunguka tangu zama zile zile. Msimamizi amesema kikizunguka, mwakani meli itafunguliwa yote kwa wageni, kutoka mbele hadi nyuma, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kitazunguka," anasema kutoka ndani. "Hiki nakijua. Hiki nilikipaka na marehemu, mwaka ule ule aliponioa. Nina hakika kuna nundu, na nina hakika tuliipaka vizuri."

Kwaruza, kwaruza, kimya.

"Wifi," anaita.

"Nini tena?"

"Njoo na nyundo. Nimefika kwenye buluu."